Dada, Nifundishe na Mimi

Ilikuwa siku ya watoto kanisani kwetu. Watoto wa Shule ya Jumapili walikuwa wamekaa mikekani chini ya mwembe, nami nimesimama mbele yao nikiwa na pampu ya mkono na pakiti ya maputo marefu. Kila nilipomaliza kusokota mbwa mmoja, mikono 30 iliinuka kwa pamoja. Pembeni yangu alisimama mama mmoja, mwalimu wa darasa la watoto wadogo, akivitazama vidole vyangu kwa makini. Mwishowe akaninong'oneza, "Dada, nifundishe na mimi. Jumapili ijayo nina somo la Nuhu, nataka niwatengenezee njiwa."

Nilitabasamu nikamjibu, "Usijali dada, nitakufundisha siku moja." Lakini moyoni nilijua kwamba siku hiyo sitaipanga. Nilikuwa nimeanza kuitwa kwenye sherehe za watoto, na fedha kidogo niliyopata ilikuwa ikisaidia nauli na madaftari nyumbani. Nikawaza: nikimfundisha huyu, naye atamfundisha mwenzake, na mwisho nani ataniita mimi? Basi kuanzia pale nikawa namgeuzia mgongo kidogo kila nilipofika penye kifundo kigumu, ili asione vidole vinakwendaje.

Mpenzi msomaji, huenda wewe husokoti maputo. Huenda unaoka keki, unapamba kumbi, unasuka nywele au unafuma vitambaa. Lakini naamini umewahi kusimama mahali nilipokuwa nimesimama mimi, ama kama mwenye kuombwa, ama kama mwenye kuomba. Ndiyo maana nataka nikusimulie nilichojifunza baadaye kuhusu kazi hii niliyokuwa nikiilinda kama hazina. Nilipoifuatilia historia yake niliona aibu. Kila nilichokuwa nakificha nilikuwa nimekipata kutoka kwa watu walioamua kutokificha.

PUTO LILITOKA WAPI?

Puto la mpira lilizaliwa katika chumba cha majaribio ya sayansi. Mwaka 1824, mwanasayansi Michael Faraday wa Uingereza alihitaji kitu cha kuhifadhia hewa ya haidrojeni katika majaribio yake jijini London. Alichukua vipande viwili vya mpira, akavilaza kimoja juu ya kingine, akabana kingo zake zishikane, na katikati akapaka unga ili pande mbili za ndani zisigandane. Kila mama anayesukuma chapati ataelewa mara moja kazi ya unga ule! Faraday hakuliweka jambo hilo sirini. Alilieleza katika maandishi ya kisayansi ya mwaka huohuo. Mwaka uliofuata, 1825, mtengenezaji wa vitu vya mpira Thomas Hancock alikuwa tayari anauza vifaa vya kumwezesha mtu kujitengenezea puto nyumbani.

Maputo laini tunayoyajua sisi yalikuja zaidi ya miaka mia moja baadaye. Mwaka 1931, katika jimbo la Massachusetts huko Marekani, Neil Tillotson alikata kadibodi kwa umbo la kichwa cha paka, akaichovya katika utomvu wa mti wa mpira, akaiacha ikauke. Alipoubandua ule utando na kuupuliza, akapata puto lenye masikio mawili. Hata leo maputo hutengenezwa kwa njia inayofanana na hiyo: kalibu huchovywa katika utomvu, utando ukauka, kisha ukabanduliwa.

Na nani wa kwanza kusokota puto refu likawa mnyama? Anayetajwa mara nyingi ni Herman Bonnert wa Pennsylvania, Marekani, ambaye inasemekana alionyesha ufundi huo mwaka 1939 katika mkutano wa watumbuizaji wa viini macho. Tafadhali maneno "viini macho" yasikushtue, mama. Hao ni watu wa kuchekesha hadhira kwa wepesi wa mikono, wala hawahusiani na uganga. Angalia tu kwamba ufundi huu ulionyeshwa katika mkutano, mbele ya watu wa kazi moja, watu ambao kwa hesabu yangu ya siku ile chini ya mwembe wangeitwa washindani.

UFUNDI ULIOKUA KWA KUPEANA

Puto linalotumiwa zaidi na wasokotaji huitwa 260. Namba hiyo ina maana: likijazwa hewa, unene wake ni inchi 2 na urefu wake inchi 60, yaani karibu sentimita 5 kwa sentimita 152. Kuna na jembamba zaidi linaloitwa 160, lenye unene wa inchi 1, kwa ajili ya kazi ndogondogo kama vidole na masharubu.

Misokoto yenyewe si mingi. Kuna kiputo cha kawaida, kuna viputo viwili au vitatu vinavyofungwa pamoja, kuna kitanzi, na kuna kiputo kidogo kinachovutwa na kuzungushwa chenyewe mpaka kiwe kama sikio. Mtu akiijua hiyo, ana herufi za kuandikia karibu kila kitu. Mbwa, twiga na farasi ni ndugu watatu: tofauti yao kubwa ni urefu wa shingo, miguu na masikio.

Sasa, kama herufi ni chache hivyo, maumbo mengi yaliyopo leo yametoka wapi? Yametoka katika kupeana. Wasokotaji walianza kuandika vijitabu vyenye michoro ya hatua kwa hatua, baadaye wakarekodi kanda za video. Wakaanzisha mikutano yao wenyewe; mmoja uliojulikana sana Marekani uliitwa Twist and Shout. Mchana huwa na madarasa, na wenye uzoefu hufundisha. Usiku, madarasa yakiisha, watu hawaendi kulala. Hukaa pamoja ukumbini na mifuko yao ya maputo, mmoja akionyesha kasuku wake, jirani akisema, "Jaribu kuukunja mdomo hivi," na wa tatu akiongeza mkia wa rangi tatu. Ikifika asubuhi, yule kasuku amekuwa bora kuliko alivyokuwa kichwani mwa yeyote kati yao.

Akina mama, hili si geni kwetu. Mkeka wa ukindu unasukwa namna gani? Binti hukaa karibu na bibi yake, akaona ukili unavyokwenda, akashika wake, akakosea, akafumuliwa, akaanza tena. Hata mitindo ya nywele husambaa vivyo hivyo: unamwona mwenzako kanisani, ibada ikiisha unamwomba ainamishe kichwa uone mistari ilivyogawanywa. Na wako wasokotaji wanaopitisha maputo juu na chini ya mengine kama msuka mkeka, wakapata vikapu, magauni, hata kuta nzima.

Kazi nyingine haziwezekani kabisa kwa mtu mmoja. Mwaka 2000, katika mji wa Mol nchini Ubelgiji, Larry Moss wa Marekani pamoja na kundi la wasanii wenzake walijenga sanamu ya wachezaji wa mpira wa miguu kwa zaidi ya maputo 40,000. Kwa kuwa maputo huanza kupungua hewa upesi, mtu mmoja angekuwa bado anasokota mguu wa mchezaji wa pili wakati kichwa cha wa kwanza kimeshasinyaa!

KOFIA KATIKA NCHI 34

Kati ya mwaka 1996 na 1999, Wamarekani wawili, Addi Somekh na Charlie Eckert, walizunguka nchi 34. Somekh aliwasokotea watu kofia za maputo, kila mtu na kofia yake, na Eckert aliwapiga picha. Mara nyingi hawakuwa na lugha moja na wenyeji wao. Puto ndilo lililozungumza. Wazee, watoto, wakulima na askari, wote walicheka walipowekewa kofia kichwani.

Nilipoyasoma hayo nilikumbuka uso wa yule mwalimu wa Shule ya Jumapili. Watu wawili wamevuka bahari wakiwa na mifuko ya maputo ili kuwafurahisha watu wasiowajua, na mimi nilishindwa kumwonyesha dada yangu katika Kristo aliyekuwa amesimama hatua moja tu kutoka kwangu.

BEZALELI ALIPEWA NINI?

Kila tunapohimizwa kutumia vipawa, tunakumbushwa juu ya Bezaleli, fundi wa hema ya kukutania. Tunasoma kwamba Mungu alimjaza ujuzi wa kila kazi: dhahabu, fedha, mawe na mbao. Lakini fungua Kutoka 35 usome polepole kuanzia mstari wa 30 mpaka wa 35. Katikati ya orodha hiyo kuna jambo ambalo mimi nilikuwa nalipita kila mara. Inaelezwa kwamba Mungu alitia moyoni mwake, na moyoni mwa mwenzake Oholiabu, uwezo wa kuwafundisha wengine. Kufundisha ni sehemu ya kipawa chenyewe, pamoja na ufundi wa mikono.

Rudi nyuma kidogo, mstari wa 25 na 26. Hapo wanatajwa wanawake wenye ujuzi waliosokota nyuzi kwa mikono yao na kuzileta kwa ajili ya hema. Hawatajwi majina, wala hatuambiwi ni yupi aliyesokota vizuri kuliko mwenzake. Tunajua tu kwamba kazi ilikamilika.

LAKINI MKATE WA WATOTO JE?

Nakusikia mama unauliza, "Haya ni maneno mazuri, lakini nikiwafundisha wote, watoto wangu watakula nini?" Swali hilo ni la haki. Mama anayelisha familia kwa kazi ya mikono yake haongozwi na choyo kila anapokuwa mwangalifu. Wasokotaji nao waliliona tatizo hilo, na ndiyo maana wamejiwekea adabu zao. Nimeona ni vizuri nizitaje, kwa sababu zinatufaa hata sisi wa keki na mapambo.

Kwanza, mwenye kubuni hutajwa. Ukifundisha umbo ulilojifunza kwa mtu, sema ni la nani. Pili, kitabu cha mwenzako hukinakili ukakigawa. Kama anaishi kwa kukiuza, mnunulie. Tatu, ukiitwa kumsaidia mwenzako katika kazi yake, usiwape wateja wake namba yako ya simu kwa siri. Nne, unapojifunza jambo kwa mwingine, libadilishe, liongezee la kwako, kisha ulirudishe kwenye kundi.

Tena fikiri hesabu hii. Jumamosi moja ya Desemba unaweza kuitwa mahali patatu. Kama uko peke yako, unakwenda pamoja na kuwakatalia wawili. Kama uko na wenzako watatu mnaoaminiana, unawapelekea kazi ile, nao siku yao ikizidi wanakukumbuka. Na ukiugua, au mtoto akilazwa, sherehe ya watu haiharibiki. Mteja anayekuita kwa sababu ya uso wako, uaminifu wako na kufika kwako kwa wakati hatakuacha kwa sababu jirani naye amejua kusokota mbwa.

Sisemi kwamba hutaumizwa kamwe. Yuko atakayejifunza kwako kisha akushushie bei mlango wa pili. Ikitokea hivyo, zungumza naye kwanza ana kwa ana, kwa upole, kabla jambo halijafika kwenye kikundi cha akina mama. Na endelea kufundisha.

TUANZE NA MBWA

Nisije nikawa nahubiri ninachokificha, hebu chukua puto la 260 na pampu tukae hapa pamoja.

1. Jaza hewa, lakini acha mwishoni kipande kisichojaa chenye upana wa vidole vinne. Hewa ya kila msokoto itasogea kuelekea huko. Usipoacha nafasi, puto litapasuka mkononi.

2. Kabla ya kufunga, toa hewa kidogo sana. Puto litalainika na kukubali kusokotwa. Kisha funga kifundo.

3. Anzia upande wa kifundo. Sokota kiputo cha urefu wa vidole vinne, hicho ni mdomo. Sokota viputo viwili vidogo zaidi vinavyolingana, hayo ni masikio. Daima zungusha upande uleule, na usiachie kiputo cha kwanza wala cha mwisho, la sivyo vyote vitafumuka.

4. Kunja yale masikio mawili yakae sambamba, uyazungushe pamoja pale yanapokutana mara tatu. Kichwa kimepatikana.

5. Rudia vivyo hivyo: kiputo cha shingo, viwili vya miguu ya mbele, funga. Kiputo kirefu cha mwili, viwili vya miguu ya nyuma, funga. Kinachobaki ni mkia.

Usikate tamaa mbwa wa kwanza akifanana na mbuzi. Ukimaliza, refusha shingo na miguu, utakuwa na twiga wa somo la uumbaji.

TAHADHARI KWA AKINA MAMA

Puto huleta furaha, lakini linaweza pia kuua. Mtoto akivuta pumzi akiwa na puto lisilojazwa, au kipande cha lililopasuka, mpira huo hunata kooni na kuziba njia ya hewa. Ndiyo sababu sheria ya Marekani ya mwaka 1994 inataka pakiti za maputo ziwe na onyo kuhusu watoto walio chini ya miaka 8. Kwa hiyo:

- Tumia pampu. Usipulize kwa mdomo mbele ya watoto, kwa maana wataiga.
- Usimpe mtoto puto lisilojazwa, hata akililia.
- Puto likipasuka, okota vipande vyote mara moja kabla ya kuendelea.
- Watoto wachanga na wanaotambaa wasipewe kabisa. Waachie wakubwa, tena chini ya macho ya mtu mzima.
- Uliza wazazi kwanza. Wako watu ambao mwili wao haupatani na mpira. Huwashwa, huvimba, na wengine hupata shida ya kupumua.
- Kaa kivulini. Jua kali na majani makavu hupasua maputo, hasa ya rangi nzito.

Tena, tusiyaachie maputo yaruke angani kwa ajili ya kupamba sherehe. Mnamo tarehe 27 Septemba 1986, katika jiji la Cleveland, Marekani, maputo karibu milioni moja na nusu yaliachiliwa kwa mara moja. Mengi yalirudi chini na kutapakaa, hata katika ziwa Erie, ambako wavuvi wawili walikuwa wakitafutwa. Waokoaji walipata shida kutofautisha puto na kichwa cha mtu majini, na wavuvi hao walikutwa wamekufa. Takataka za sherehe zetu tuzikusanye sisi wenyewe.

JUMAMOSI ILE

Baada ya kuyasoma hayo yote nilikwenda nyumbani kwa yule mwalimu. Ilikuwa imepita karibu miezi mitano. Nilimkuta uani akichambua mchele. Nilimwambia ukweli, kwamba siku ile sikuwa na nia ya kumfundisha, na kwamba nilimgeuzia mgongo makusudi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Niliona, dada. Niliona, ila nilisema labda umechoka." Akanisogezea kigoda.

Tulisokota mpaka mchele ukasahaulika. Njiwa alimshinda mara nne. Mara ya tano alimkunja bawa kwa namna ambayo sikuwahi kumwonyesha, na njiwa wake akakaa vizuri mkononi kuliko wangu. Nikamwomba alifumue anionyeshe tena. Siku hizi nikiwafundisha wengine njiwa huyo, huwaambia bawa hili nimelipata kwa nani.

Tulipoanza tulikuwa wawili. Jumamosi ya kwanza ya mwezi tukawa tunakutana baada ya usafi wa kanisa, kila mmoja akija na jambo moja la kuonyesha. Si la maputo tu. Mmoja alituonyesha kukata maua ya karatasi, mwingine kupamba meza kwa majani ya mnazi na khanga bila kununua kitu. Nauli na madaftari, kwa taarifa yako mama, bado vinapatikana.

Kama kanisani kwenu kuna anayekutazama vidole, mwulize anaitwa nani na Jumamosi ana nafasi saa ngapi. Mnapokutana, someni pamoja 1 Petro 4:10, kisha kila mmoja ajibu maswali haya: Nani alinifundisha kazi ninayoijua, na je, nimewahi kumshukuru? Ni jambo gani ninaloogopa kumwonyesha mwenzangu? Nikilijua tatizo hilo leo, nitamwendea nani wiki hii?